Nani Alikula Majani ya Namba Nne

Hilari alistaafu kabla yangu, na hata katika hilo alinitangulia. Tuliingia kituoni wiki moja, tukavaa makoti ya kazi ya kitambaa kimoja, tukala chakula cha mchana chini ya bati moja. Lakini yeye aliagwa wakati wa kiangazi, watu wamevaa viatu vizuri, na mimi nikaagwa tope likiwa limefika kwenye vifundo vya miguu. Soda zake zilikuwa na barafu. Zangu zilikuwa za moto.

Nyinyi vijana wa kituo mmeniomba niandike mambo ya kazi yangu ya ufundi wa mashamba, na najua mlitaka nianze na vyeo. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara wa fundi kila mtu anaujua. Nitaandika juu ya mihogo, majani na jua, kwa sababu ndivyo nilivyoshughulika navyo tangu nikiwa kijana mwembamba hadi leo ninapoinuka kitini kwa kushika kiuno. Na nitaandika juu ya Hilari, maana hakuna siku niliyofanya kazi bila kutupa jicho upande wake kuona amefanya nini. Mkitaka kumbukumbu za mtu asiye na wivu, kamwombeni yeye.

Kituo wakati ule kilikuwa upande wa Buterere, pembeni mwa mji, pale ardhi inaposhuka na maji ya mvua yanakosa pa kwenda. Huku mpunga wa watu, huku viwanja vyetu vya majaribio, vimepimwa kwa kamba na vigingi. Mkuu wetu alikuwa mwanamke, injinia wa kilimo jina lake Melania, nasi tulimwita Shefu. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuvumilia fundi anayefanya kazi bila kujua sababu yake. Siku ya kwanza hakutupa majembe. Alitupa kila mmoja kipande cha karatasi nyeusi chenye tundu katikati, akasema jioni ile tufunike jani moja la muhogo shambani, na kesho yake tumletee jani hilo atuonyeshe chakula cha watu kinatoka wapi.

Mimi nilitaka ajue mapema nani mwenye bidii. Nilifika alfajiri, umande bado kwenye nyasi, nikachuma jani langu, nikalitia kwenye kopo la maji, nikakaa nalo mlangoni pa chumba cha kazi. Hilari alikuja baadaye kama watu wengine, akasalimiana na kila mtu, akasaidia kubeba vigingi, na lake akalichuma mchana kweupe. Nilimcheka kimoyomoyo nikasema huyu hataimaliza miezi sita hapa.

Spiriti ya maabara ilikuwa imekwisha, kwa hiyo Shefu alimtuma mtu mtaani akatafute kanyanga, pombe kali ya kienyeji, ile inayodondoka kwanza, inayoshika moto ukiikaribia na kiberiti. Kanyanga imekatazwa, kama mnavyojua, na kila mtu anajua inapopatikana. Harufu ilipoanza kuzagaa, mlinzi wa kituo alikuja mlangoni na kofia mkononi, akauliza kwa adabu kama kuna ubatizo. Shefu akamwambia ni kazi ya serikali, arudi getini. Alirudi, lakini pole pole.

Hivi ndivyo jaribio linavyofanywa, na msidharau, maana bado nawaona mnalikosea. Unachovya jani kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee. Unalitia kwenye kikombe cha spiriti, na kikombe unakiweka ndani ya sufuria ya maji moto iliyokwisha kuepuliwa, kwa sababu ukipeleka spiriti juu ya moto utapoteza nyusi. Rangi ya kijani inahamia kwenye spiriti na jani linabaki jeupe. Unalisuuza, unalitandaza kwenye sahani, unadondoshea iodini, ile dawa ya kupaka vidonda. Palipo na wanga panageuka bluu nyeusi. Pasipo na wanga panabaki rangi ya iodini yenyewe, ya kahawia.

Jani la Hilari lilitoa duara jeusi safi pale penye tundu, na pembeni kahawia. Langu lilikuwa kahawia toka mwanzo hadi mwisho.

"We Polinari," Shefu akaniambia, "jani yako uliitoa saa gani?"

"Asubuhi kabisa, Shefu. Mbele ya wote."

"Njo maana. Mumea inapika muchana, usiku inakula. Ulikuja kuangalia sahani, wamekwisha kula." Akageukia wengine. "Muangalie ya Hilari. Ile iliona jua."

Wote wakainama juu ya sahani ya Hilari. Nikainama na mimi, ningefanyaje. Wivu wangu ulianza pale, mbele ya jani lile, na haukuwa na haraka ya kuondoka.

Kisha Shefu akatueleza. Jani ni jiko, akasema, na moto wake ni jua. Kwa chini lina vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, na hewa ya ukaa, hii tunayoitoa puani, inaingia humo. Maji yanapanda kutoka mizizini. Ile rangi ya kijani, klorofili, ndiyo inayoudaka mwanga, na nguvu ya mwanga inapasua maji. Oksijeni inatupwa nje na sisi tunaivuta bila kumshukuru mtu. Nguvu iliyobaki ndani inatumika kuiunganisha hewa ya ukaa mpaka inakuwa sukari. Jua limekwisha kuwa ndani ya ile sukari, akasema, limefungiwa humo, halitoki mpaka mtu aile au aichome. Sukari nyingine inakaa kidogo kwenye jani ikiwa wanga, ndiyo tuliyoiona ikigeuka nyeusi, na nyingine inateremka kwenye shina hadi mizizini, inawekwa huko ikiwa wanga vile vile. Wanga huo ndio bugali yetu, ugali wa mihogo.

"Muhogo apana toka mu udongo," alisema. "Udongo unatoa chumvi kidogo na maji. Muhogo inatoka hewani na ku jua. Mulango yake ni jani."

Hilari akanyoosha mkono. "Shefu, sasa mawingu ikikaa wiki muzima, bugali inapunguka?"

Shefu alifurahi mpaka akakaa juu ya meza. Swali hilo nilikuwa nalo mimi, nilikuwa nalipanga vizuri kichwani kwa Kifaransa. Ndiyo siku niliyojifunza kwamba ukipanga sana maneno utayameza.

Miaka ya mwanzo ilikuwa ya kazi ndogo ndogo. Tulipima ukubwa wa majani kwa kulilaza jani kwenye karatasi ya miraba, kulizungushia penseli, kisha kuhesabu miraba mpaka macho yanatoka machozi. Leo nyinyi mna mashine ya kufanya hivyo, na betri yake inaisha kila mara. Tulikuwa na panga za kukata pingili, yaani vile vipande vya shina tunavyopanda, na Shefu alitaka pingili ikatwe kwa pigo moja, bila kupasuka. Pingili za Hilari hazikupasuka. Vigingi vyake vilisimama wima hata baada ya mafuriko, na vyangu vilielea hadi kwenye mpunga wa watu nikaenda kuviomba. Mkulima wa pale aliniuliza kama nafanya kazi na yule kijana mwenye vigingi vizuri.

Kisha ukaja ugonjwa wa mihogo. Majani yalikunjamana, yakapata madoa ya njano, yakawa madogo kama ya mchicha. Sasa jiko limeharibika, na mnajua kinachofuata. Watu wa bondeni walichimba wakakuta mizizi minene kama kidole. Niliwaona akina mama wa Buterere wamesimama shambani na majembe, wanachimba shina la pili, la tatu, wakidhani labda hili. Hakuna aliyelia. Walichimba tu shamba zima na kuondoka na kikapu kisichojaa.

Kituo kililetewa aina mpya za mihogo zisizoogopa ugonjwa ule, pingili chache chache, kila aina na namba yake. Shefu aligawa. Kila fundi alipewa aina moja ailee katika kiwanja chake, na mavuno yakija, aina moja tu itachaguliwa, izalishwe kwa wingi, igawiwe kwa familia zilizopoteza. Nyingine zitang'olewa na kuchomwa, kwa sababu nafasi haikuwepo. Mimi nilipewa Namba Nne. Hilari akapewa Namba Saba.

Sijui niwaambieje nilivyoipenda Namba Nne. Ilikuwa na vikonyo vyekundu, vile vijiti vinavyobeba jani, vyekundu kabisa, na majani laini, membamba, yanayong'aa baada ya mvua. Namba Saba ya Hilari ilikuwa na majani mapana, magumu, ya kijani kilichokaribia weusi. Nilipanda Nne kwa mikono yangu, nikaipalilia, nikaitilia mbolea ya ng'ombe niliyoibeba mwenyewe kwa baiskeli. Niliomba kwa jina. Ndiyo, kanisani, niliomba Namba Nne imshinde Hilari, na nilitaja jina lake ili pasiwe na makosa.

Miezi ya kwanza Nne iliongoza. Nilipita kwenye kiwanja cha Hilari kila jioni kujihakikishia, na nilikuwa nampa pole.

"Yako imechelewa kidogo, sha," nilimwambia.

"Iko na mwendo yake," Hilari akajibu. Hakukasirika. Mtu huyu alininyima hata raha ya kumwona amekasirika.

Halafu Nne ikaanza kusimama. Haikuugua, madoa hayakuwepo, lakini kichwa chake kilikuwa wazi. Nilipohesabu miraba kwenye karatasi, majani yalikuwa machache kuliko mwezi uliopita. Vikonyo vya juu vilikuwa vinakatika kwa usafi, kama kwa kucha. Niliwaza panzi. Niliwaza mbuzi, lakini mbuzi hali majani ya juu tu na kuacha ya chini yamepangika. Mwishowe nikawaza Hilari. Nilianza kula chakula changu cha mchana nikiwa nimejificha nyuma ya ghala la mbolea, nikichungulia viwanja. Nilichomwona Hilari akikifanya ni kupalilia mtaro wangu uliokuwa umeziba. Nilichukia zaidi.

Siku ya mavuno Shefu alisimama kando ya mizani yeye mwenyewe. Namba Saba ilitoka ardhini kwa shida, watu wawili wanavuta, mizizi minene inapasua udongo. Namba Nne niliing'oa peke yangu kwa mkono mmoja. Mizizi ilikuwa mirefu, myembamba, imejaa nyuzi. Shefu aliandika, akafunga kalamu, akasema Jumatatu tutaanza kukata pingili za Saba na kuichoma Nne.

"Pole, Polinari," Hilari aliniambia, akanishika bega. Mkono wake ulikuwa na joto, na nilitamani kuung'ata.

Jumapili ile nilirudi kutoka kanisani nikakuta nyumba yetu ya Mutakura inanukia. Mke wangu, Mama Bella, alikuwa amepika sombe, mboga ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, na dagaa tunaoita ndagala na mawese, pamoja na bugali ya mihogo. Kama hujala sombe ya Mama Bella sina namna ya kukusaidia. Ilikuwa laini mno, haina nyuzi, haina ukali, inateleza. Nilikula kwa huzuni, lakini nilikula sana. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kunawa, nikaona karibu na kinu, juu ya takataka, lundo la vikonyo vyekundu.

Nilisimama pale na maji yananichuruzika mikononi. Mihogo ya vikonyo vyekundu namna ile haikuwepo mahali pengine popote mjini.

"Mama Bella!"

"Karibu, Papa Bella. Unataka tena?"

"Hii sombe ulitoa wapi?"

"Si kwenu?" alisema, akashangaa kweli. "Ku kazi. Ya ile shamba yako."

"Unaingilia wapi?"

"Ku mulango. Mulinzi ananijua. Nilimupelekea na yeye sahani." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Siendi peke yangu. Tunaenda na mama ya hapa pembeni, na wamama ya kanisa, na wale wa soko. Kila wiki, ile siku unaenda kuchukua mbolea na baiskeli. Tunachuma juu tu, ile midogo. Apana haribu kitu."

Nilikaa chini, juu ya kinu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Niseme nini? Mutu anachuma sombe anatangaza?" Alinitazama usoni akaona kuna jambo. "Papa Bella, munapima mizizi, si majani. Majani inarudi yenyewe. Mizizi tulikuachia yote."

Hapo ndipo mtu anapojua kwamba miaka yote ya kazi hajawahi kumweleza mkewe kazi yake. Lakini msimcheke Mama Bella. Hata mama yangu alikuwa anachuma hivyo, hata yako wewe unayesoma. Kwetu muhogo ni wa kuchimba, na sombe inahesabiwa kama kitu cha bure juu yake. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba anakula jiko.

"Na kwa Hilari?" nikauliza. "Mulichuma ya Hilari pia?"

Akakunja uso. "Ile? Tulijaribu mara moja. Unatwanga mpaka mikono inauma, unachemusha mpaka makaa inaisha, bado kali. Ile ya Hilari hata bure tunakataa."

Basi. Yangu ilishindwa kwa sababu ilikuwa tamu, na yake ilishinda kwa sababu ilikuwa mbaya. Ningekuwa mtu wa kucheka ningecheka. Nililala macho wazi nikiona vikonyo vyekundu vikiungua.

Jumatatu nilimwambia Mama Bella avae tufuatane. Alivaa vizuri kama anaenda kuposa, akabeba na bakuli. Tulimkuta Shefu nje ya chumba cha kazi pamoja na Hilari, mapanga yameshanolewa. Nilianza kueleza, nikajikwaa, na mke wangu akanisogeza pembeni.

"Madamu, mi njo nilichuma," alisema. "Na wamama wengine. Bwana yangu hakujua. Kama ni kosa, kosa ni yangu. Lakini musiichome kwanza. Onja."

Akafunua bakuli. Shefu alimtazama, akalitazama bakuli, akachukua kijiko. Alikula. Akampa Hilari kijiko, naye akala. Nilikuwa nimetazamia kelele.

"Ni nzuri," Shefu akasema mwishowe. "Na sasa najua mizizi ilienda wapi. Iko hapa ndani ya bakuli." Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba hawezi kubadilisha uamuzi. Watu wanangoja, malori yamepangwa, na Saba ndiyo iliyozaa. Aina iliyoliwa majani haina matokeo, si mazuri wala mabaya, na nafasi ya kuirudia haipo.

"Nafasi iko," Hilari akasema. "Kwangu. Katikati ya Saba niache mistari mbili, tupande Nne. Saba inaizunguka, mwizi hataona."

Mngefurahi? Mimi sikufurahi. Mmea wangu umeokolewa, na aliyeuokoa ni yeye, na shamba ni lake, na wazo ni lake, na mke wangu anamshukuru kwa mikono miwili. Nilisema asante. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki.

Tulipanda mistari miwili ya Namba Nne katikati ya Namba Saba. Mstari mmoja Shefu aliamuru usiguswe. Mwingine uchumwe kila wiki, na wachumaji wawe wale wale, Mama Bella na wenzake, wachume kama walivyozoea, bila kuongeza wala kupunguza. Walikuja kwa nyimbo. Mlinzi aliwafungulia geti kwa saluti, na sasa alipata sahani yake kwa haki.

Tulipochimba, mstari uliochumwa ulitoa zile nyuzi nyuzi nilizozijua. Ule ambao haukuguswa ulitutoa jasho. Mizizi ilikuwa minene kama ya Saba, labda zaidi, na Shefu aliirudisha kwenye mizani mara ya pili. Aliwaita akina mama wote waje waione mistari yote miwili imelazwa chini sambamba. Hakuhubiri. Alichukua jani moja, akaliweka juu ya fungu la mizizi minene, akasema, "Hii njo ilileta hii." Mama Bella aliinama akaushika mzizi mwembamba, akauzungusha mkononi muda mrefu.

"Kumbe tulikuwa tunakula mara mbili," akasema.

Toka hapo kituo kiligawa mihogo namna nyingine, na hii muishike. Kila familia ilipewa Saba ya kupanda mbali, ya kuchimba, na Nne kidogo ya kupanda karibu na jiko, ya kuchuma. Mstari wa sombe ni wa sombe, na shamba la bugali msiliguse kichwa. Na hata kwenye mstari wa sombe, chuma kwa zamu, shina hili leo, lile wiki ijayo, uache majani ya kutosha yaendelee kupika. Wengine walifuata, wengine waliendelea kuchuma kila mahali. Lakini Nne haikuchomwa. Ilitoka Buterere ikaenda Mutakura, ikavuka mpaka wa nchi hadi kwa ndugu zetu wa Uvira, na sasa iko nyuma ya nyumba nyingi kiasi kwamba siwezi kutembea bila kuiona.

Sasa nifike kwenye mwiba wenyewe. Wiki chache baada ya kuagwa nilikwenda sokoni Mutakura, maana siku hizi ninatumwa. Mwanamke mmoja Mkongomani alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya majani, vikonyo vyekundu vinaniangalia.

"Papa, beba hii," akaniambia. "Hii ni Hilari. Haina kazi kutwanga."

"Hii ni nini?"

"Hilari. Njo jina yake, ya hii sombe. Zote zinatoka ku shamba ya Hilari, zamani. Wewe huijue?"

Nilimwambia naijua. Nilinunua fungu moja, nikasimama nalo barabarani, nikapanda gari la kwenda Kajaga, ambako Hilari anaishi tangu astaafu, karibu na ziwa. Sikujua naenda kumwambia nini. Nadhani nilikuwa naenda kugomba. Miaka yote ile niliumeza wivu wangu, nikaumeza tena na tena, na sasa hata mboga nyumbani kwangu inaitwa kwa jina lake.

Nilimkuta anafuma wavu wa kuzungushia kuku. Amezeeka vizuri, bila shaka. Nikatupa fungu juu ya meza nikamwambia linavyoitwa sokoni. Alidhani namtania. Kisha akaona uso wangu, akaweka wavu chini.

"Keti, sha," alisema. "Saba yangu iko wapi leo?"

Nilifikiri. Namba Saba ilishapitwa na aina nyingine mpya miaka mingi. Sijaiona pingili yake popote.

"Hakuna mutu anaipanda," Hilari akasema. "Na wakati ile ilikuwako, hakuna mutu aliiiba. Walijaribu mara moja, wakaacha. Mi nilikuwa naona bibi yako, Mama Bella, na wamama wenzake wanapita shamba yangu wanaenda kwa yako, wanacheka. Niliwaona toka mwanzo."

"Uliona ukanyamaza?"

"Nilinyamaza. Nilikuwa na wivu. Nilisema, wamuchumie yote, na yeye ajue kushindwa." Alilishika fungu, akapitisha kidole kwenye kikonyo chekundu. "Halafu umeshindwa, na haikunifurahisha. Unazani niliomba Nne ipandwe kwangu juu ya nini? Nilitaka mara moja watu waingie ku shamba yangu wanatafuta kitu. Siku ya kwanza wamama walikuja kuchuma, nilivaa shati ya Noeli."

Nje kuku walikuwa wanaparua, na mke wa Hilari alitoka jikoni, akaona majani, akapiga kofi la furaha, akasema leo mgeni haondoki bila kula. Alianza kutwanga. Hilari alinitazama kama mtu aliyetua mzigo alioubeba tangu ujana.

"Jina ni yangu," aliniambia, "lakini wanakula ya kwako."

Tulikula sombe ile pamoja hadi bakuli likawa safi. Nami njiani nikirudi Mutakura niligundua kwamba hata wivu wa Hilari ulikuwa na sababu nzuri kuliko wangu, nikamwonea wivu na huo.